Mbwa akikosea majini, umeme haumfundishi

Labrador anapoogelea, macho yake hayainuki juu ya maji kwa zaidi ya upana wa kiganja. Mbele yake kuna viwimbi, matete na mng'ao wa jua. Bata aliyepigwa risasi ameangukia ng'ambo, nyuma ya kichaka cha majani, zaidi ya mita mia moja kutoka ukingoni, na mbwa hakumwona akianguka. Anayejua alipo ni mwindaji aliyesimama mahali palipoinuka. Mwindaji anapuliza filimbi mara moja. Mbwa anakatisha safari, anageuka katikati ya maji na kuelea akimtazama. Mkono unanyooshwa pembeni. Mbwa anashika upande ule na kuogelea, akiuamini mkono wa mtu kuliko macho na pua yake mwenyewe.

Ni vigumu kutaja kazi nyingi ambamo mnyama na binadamu wanaelewana kwa kiwango hiki, tena wakiwa mbali namna hii. Wakufunzi wa Uingereza, Marekani na Kanada wameikuza kwa karibu karne nzima, na mbwa wa jamii ya retriva, yaani wale wa kuokota na kuleta windo, wameifikisha mahali ambapo wachungaji wa zamani wasingepaamini. Ndiyo maana inauma kuona kwamba wakufunzi wengi, hasa Marekani, wanaamini kuwa hatua ya majini haiwezi kukamilika bila kola ya umeme shingoni mwa mbwa. Imani hiyo inastahili kupingwa waziwazi. Kati ya mahali pote ambapo mbwa anaweza kuadhibiwa kwa umeme, majini ndipo pasipofaa kabisa.

Mbwa hawa wana maji katika asili yao. Mababu wa labrador walikuwa mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Kazi yao ilikuwa kufukuzia samaki walioponyoka ndoano na kuvuta kamba za nyavu katika maji ya baridi kali. Meli za biashara ya samaki ziliwafikisha bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, katika karne ya 19, na huko ukoo wa Malmesbury ukawapenda kwa uwindaji wa bata. Katika miaka ya 1880 ukoo huo uliwapa makabaila wa Buccleuch wa Scotland mbwa, wakiwemo Ned na Avon, na damu ya hao ndiyo iliyosimamisha ukoo wa labrador tunaowajua. Klabu ya mbwa ya Uingereza, Kennel Club, iliwatambua rasmi mwaka 1903. Golden retriever naye ana bibi wa majini: mwaka 1868, huko Guisachan katika nyanda za juu za Scotland, Lord Tweedmouth alipata watoto wa manjano kutoka kwa dume wake Nous na jike Belle, aliyekuwa wa aina ya mbwa wa maji wa mto Tweed, aina ambayo sasa imetoweka.

Zamani, hata hivyo, mbwa hawa walitumwa tu, hawakuongozwa. Mbwa alitarajiwa kukumbuka windo lilipoangukia. Kama hakuliona likianguka, alizungukazunguka kwa pua yake huku mwindaji akirusha mawe majini kumwonyesha upande.

Walioutangulia ufundi wa kumwongoza mbwa kutoka mbali walikuwa wachungaji wa kondoo. Mashindano yao yalifanyika Bala, nchini Wales, mwaka 1873, na tangu hapo watu wameona mbwa akipelekwa kushoto, kulia na nyuma ya kundi kwa filimbi peke yake. Mskoti Dave Elliot, aliyehamia Marekani kusimamia mbwa wa tajiri Jay Carlisle huko Long Island, anasifiwa kwa kuuhamishia ufundi huo kwa mbwa wa kuokota windo katika miaka ya 1930. Wakati ulikuwa mwafaka. Mashindano ya kwanza ya labrador nchini Marekani yalikuwa yamefanyika Desemba 21, 1931 huko Chester, jimbo la New York, na matajiri wa New York walikuwa wanashindana kununua mbwa bora na kuajiri wakufunzi kutoka Scotland. Desemba 12, 1938, labrador mweusi aliyeitwa Blind of Arden, mali ya W. Averell Harriman ambaye baadaye alikuwa gavana wa New York, alitokea kwenye jalada la jarida la Life.

Aliyepata jina kubwa kuliko wote alikuwa King Buck. Alipokuwa mdogo aliugua distempa, ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa hadi leo, akapona. John Olin, mwenye viwanda vya risasi, alimnunua, na chini ya mkufunzi Cotton Pershall akawa bingwa wa taifa mwaka 1952 na tena 1953. Mwaka 1959 picha yake, akiwa na bata mdomoni, iliwekwa kwenye stempu ya bata ya serikali ya Marekani. Stempu hiyo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1934, kila mwindaji wa bata mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hulazimika kuinunua, na fedha zake hununua na kulinda maeneo ya ardhi oevu. Mbwa alipewa nafasi hiyo kwa sababu ya ujumbe ulioandikwa chini ya picha: mbwa wa kuokota huokoa windo.

Ujumbe huo unaeleza kwa nini kazi hii ina thamani hata kwa mtu asiyewinda wala asiyependa uwindaji. Ndege aliyejeruhiwa akaachwa kwenye matete hufa polepole, na mwindaji aliyemkosa humpiga mwingine badala yake. Ujerumani imelichukulia jambo hili kwa uzito kiasi kwamba sheria za uwindaji za majimbo yake zinadai kuwepo kwa mbwa aliyefuzu pale ndege wa majini wanapowindwa. Mbwa anayekubali kuongozwa humfikia ndege kabla hajazama au kuchukuliwa na mkondo. Kwa hiyo hoja ya makala haya haiigusi kazi yenyewe. Inagusa njia ya kuifundisha.

Njia hiyo huanzia nchi kavu, na mwanzo wake ni mdogo sana. Mtoto wa mbwa wa miezi michache huketishwa mbele ya bakuli la chakula, na kabla ya kuruhusiwa kula husikia mlio mmoja wa filimbi. Baada ya muda mlio huo unakuwa na maana moja tu: simama, keti, nitazame. Milio mifupi inayofuatana ina maana ya njoo. Kisha huja mikono. Mbwa huketi katikati, mwalimu husimama mbele yake, na maboya madogo ya mazoezi, yenye umbo la mche wa sabuni, huwekwa kushoto, kulia na nyuma ya mbwa. Mkono ukinyooshwa pembeni, mbwa huenda upande ule. Ukiinuliwa juu, hugeuka na kwenda mbali zaidi kutoka kwa mwalimu. Wanaotazamana hivi, kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake, hivyo mbwa hajifunzi kulia wala kushoto. Anajifunza kusoma mwili wa mtu na kuufuata kuelekea mahali.

Ufundi wote umo katika ishara hizo chache. Ugumu unakuja pale ardhi inapoisha.

Nchi kavu, mbwa akisikia filimbi huketi. Amepata mahali pa kutulia, ana sekunde mbili tatu za kutazama na kufikiri. Majini hakuna pa kuketi. Akiacha kusonga mbele, kiwiliwili huanza kushuka na hulazimika kupiga miguu ili abaki juu, na ili amwone mwalimu lazima ageuke kabisa, jambo linalompotezea uelekeo aliokuwa nao. Masikio yake yako karibu na maji yanayorushwa na miguu yake mwenyewe. Upepo ukivuma kutoka kwake kwenda kwa mwalimu, filimbi hufika imefifia au haifiki. Jua likiwa nyuma ya mwalimu, mkono hauonekani. Mwalimu akiwa amesimama mbele ya miti yenye rangi iliyofifia kama ya nguo zake, hali ni hiyohiyo, na ndiyo sababu katika mashindano makubwa ya Marekani wanaoongoza mbwa huvaa makoti meupe.

Rangi nazo zina mchango wake. Mbwa huona vizuri bluu na manjano, lakini nyekundu na machungwa kwake ni kama kahawia iliyochakaa. Wakufunzi wanalijua hilo na kulitumia: boya la rangi ya machungwa huelea wazi machoni mwa mtu lakini humpotea mbwa kwenye maji ya rangi ya kijani na hudhurungi, hivyo mbwa hulazimika kutegemea mkono. Ni mbinu nzuri ya kufundishia. Inathibitisha pia kwamba mwalimu anajua fika mwanafunzi wake anafanya kazi akiwa haoni.

Halafu kuna jambo ambalo wakufunzi wa Kimarekani huliita udanganyifu. Boya likiwa ng'ambo ya ghuba ndogo, mbwa anatakiwa aingie majini moja kwa moja na kuogelea mstari ulionyooka. Badala yake hukimbia ukingoni, akazunguka, akaingia majini karibu na boya. Kwa mtu anayetaka mstari ulionyooka, hilo ni kosa kubwa, na mbwa wengi wamepigwa umeme kwa ajili yake.

Mwaka 2003 mwanahisabati Tim Pennings wa Chuo cha Hope, jimbo la Michigan, alichapisha makala kuhusu mbwa wake Elvis, aliyekuwa wa aina ya corgi. Pennings alikuwa akimrushia mpira katika Ziwa Michigan, akaona kwamba Elvis hakujitupa majini palepale wala hakukimbia ukingoni hadi mwisho. Alikimbia kiasi, kisha akajitosa. Pennings alichukua futi kamba na saa. Elvis alikimbia kwa mita 6.4 kwa sekunde na kuogelea kwa mita 0.91 kwa sekunde. Mahali alipoingilia majini, mara baada ya mara, palikaribiana sana na mahali ambapo hesabu za chuo kikuu zinaonyesha kuwa safari nzima inachukua muda mfupi kuliko njia nyingine yoyote.

Kwa hiyo mbwa anayezunguka ukingoni hadanganyi mtu. Amekwisha kuona kwamba miguu yake nchi kavu ina kasi mara saba ya ile ya majini, na amechagua kwa busara. Mwindaji ana sababu zake za kutaka mstari ulionyooka, na ni sababu za kweli: mbwa akizunguka hupoteza kumbukumbu ya mahali windo lilipo, hukutana na harufu nyingine njiani, na palipo na kingo ndefu au vichaka huenda asifike kabisa. Lakini sababu hizo zimo kichwani mwa mtu. Mbwa hazijui. Anaombwa aache uamuzi mzuri kwa ajili ya uamuzi ambao faida yake haioni, na anayeomba kitu kikubwa hivyo anawajibika kukieleza kwa lugha ambayo mbwa anaielewa.

Kola ya umeme haielezi. Ni kifaa cha betri chenye ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi ya shingo, na mkufunzi hubonyeza kitufe kutoka mbali. Kilianza kutumika kwa mbwa wa uwindaji katika miaka ya 1960, na vya kwanza vilikuwa vikali bila kiwango cha kuchagua. Kutoka hapo Wamarekani, wakiongozwa na wakufunzi kama Rex Carr wa California, walijenga utaratibu kamili wa masomo. Moja ya masomo hayo hufanyika katika bwawa dogo lililochimbwa kwa kazi hiyo: mbwa hutumwa ng'ambo kuleta boya, na akiwa njiani kurudi husimamishwa kwa filimbi na kupelekwa kushoto na kulia bila kuruhusiwa kutoka majini. Akielekea ukingoni, anabanwa kwa umeme hadi arudi majini.

Inafaa kusema kwamba utaratibu huo, kama mpangilio wa masomo, una akili nyingi ndani yake. Bwawa dogo, hatua fupi, kurudia, kujenga jambo moja juu ya jingine: hayo yote ni ualimu mzuri. Carr na waliomfuata waliielewa safari ya mbwa majini kuliko watu waliowatangulia. Umeme ndio uliopachikwa mahali ambapo subira ilitosha.

Fikiria kilicho ndani ya kichwa cha mbwa yule. Anaogelea, haoni vizuri, amesikia filimbi nusu, mkono ameuona kama kivuli. Anachukua upande anaodhani ndio. Maumivu yanamkuta shingoni. Yametoka wapi? Mtu yuko mbali na hakumgusa. Kilicho karibu ni maji, matete, boya, au ule upande aliokuwa akielekea. Mbwa hujifunza kwa kuunganisha kinachotokea na kilichopo wakati huo, na majini kilichopo ni maji. Wakufunzi wanaotumia kola wanajua hatari hii vizuri. Vitabu na mafunzo yao yamejaa maonyo kuhusu mbwa aliyeanza kuogopa kuingia majini, au anayeganda ukingoni kila asikiapo filimbi. Wanayaeleza kama makosa ya mtu asiye na uzoefu. Lakini kifaa ambacho usahihi wake unadai kwamba mtu aliye mita mia moja ajue kwa hakika kama mbwa amekaidi, hakusikia, hakuona au amechoka, ni kifaa kinachodai kisichowezekana.

Uchovu wenyewe si jambo la kupuuza. Maji ya baridi hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa. Wafugaji wa labrador wanaufahamu ugonjwa wa mkia kulegea, ambao humpata mbwa baada ya kuogelea sana au kwenye baridi: mkia huning'inia kama kamba na huuma kwa siku kadhaa. Kuna hatari kubwa zaidi. Mbwa anayeokota boya mara nyingi mfululizo humeza maji kila anapofungua mdomo, na maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka. Huanza kuyumba, kutapika, macho kuwa mazito, na bila matibabu ya haraka anaweza kufa. Dalili za mwanzo za hali hiyo zinafanana sana na utepetevu. Mwenye kidole kwenye kitufe anaweza kuziita ukaidi.

Watetezi wa kola wana majibu, na yasikilizwe. La kwanza ni kwamba kola za leo zina viwango vingi, na kwamba mtaalamu hutumia kiwango cha chini kabisa kinachohisiwa. La pili ni usalama: mbwa anayeogelea kuelekea mkondo mkali au barafu nyembamba lazima atii papo hapo. La tatu ni matokeo, kwamba mabingwa wa Marekani wa miongo ya karibuni, wanaofuata ishara kwa umbali unaostaajabisha, wengi wao wamefundishwa kwa kola.

Kuhusu ufanisi, utafiti upo. Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza kiliwafuatilia mbwa 63 wenye matatizo ya kutorudi wanapoitwa, wakagawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa kwa kola na wakufunzi waliopendekezwa na watengenezaji wenyewe, kundi la pili na wakufunzi walewale bila kola, na la tatu na wakufunzi wa zawadi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2020, hayakuonyesha kwamba kola iliongeza utii, na kundi la zawadi ndilo lililofanya vizuri zaidi. Mwaka huohuo watafiti wa Ureno walichapisha matokeo ya mbwa 92 na kuonyesha kwamba waliofundishwa zaidi kwa adhabu walikuwa na dalili nyingi za msongo, pamoja na ongezeko la homoni ya kotisoli kwenye mate baada ya mafunzo. Uholanzi, mwaka 2004, watafiti walikwisha kuona kwamba mbwa wa ulinzi waliowahi kupigwa umeme waliendelea kuonyesha hofu mbele ya wakufunzi wao hata nje ya uwanja wa mafunzo.

Tafiti hizo hazikufanywa kwa labrador anayetafuta bata majini, na si haki kuzitumia kana kwamba zilifanywa hivyo. Upo pia utafiti wa Marekani wa mwaka 2024, wenye mbwa 19, ulioonyesha kuwa kola iliwazuia mbwa kufukuza kitu kinachokimbia haraka kuliko chakula kilivyoweza. Hoja ya dharura, basi, haiwezi kutupwa. Lakini kumzuia mbwa asifukuze kitu ni jambo la kusema usifanye. Ishara za majini zinasema fanya: geuka, nenda kule, endelea, amini. Maumivu yanaweza kumfunga mbwa breki. Hayana uwezo wa kumwonyesha njia. Na kuhusu mabingwa, wanaohesabiwa ni waliofika. Mbwa waliovunjika moyo njiani na kurudishwa nyumbani hawaandikwi kwenye orodha ya washindi.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba ualimu wa zawadi kwa sehemu kubwa ulikomaa majini. Mwaka 1963 Karen Pryor alianza kazi ya kufundisha pomboo katika bustani ya viumbe wa bahari ya Sea Life Park, Hawaii. Pomboo hafungwi kamba, havutwi, hachapwi. Ukimkera, anaogelea na kuondoka, basi. Pryor na wenzake walitumia filimbi, ile ile filimbi ya mwindaji, lakini kwa maana nyingine: mlio ulimwambia pomboo kwamba alichofanya sekunde hiyo ndicho kilichotakiwa, na samaki anakuja. Pomboo wa jeshi la wanamaji la Marekani hufanya kazi katika bahari ya wazi, bila kamba, na hurudi kwenye boti. Anayesema kuwa mnyama aliye mbali majini hawezi kuongozwa bila kumuumiza ajiulize hao wanarudi kwa nini.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana ushahidi ulio karibu zaidi. Morogoro, katika eneo la Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya anapopatia husikia mlio mdogo wa kidude, kisha hupewa chakula. Hakuna umeme, hakuna kofi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020. Kazi yake haikuruhusu makosa, kwa kuwa watu walitembea juu ya ardhi aliyoisema ni salama. Usahihi wa namna hiyo umepatikana kwa ndizi na subira. Na mbwa wa kunusa pembe za ndovu waliofundishwa Usa River karibu na Arusha chini ya mpango wa African Wildlife Foundation, wanaokagua mizigo katika bandari na viwanja vya ndege vya ukanda huu, malipo yao ni mpira wa kuchezea.

Kwa mbwa wa kuokota, zawadi ni rahisi kuliko kwa wanyama hao wote, kwa sababu kuokota kwenyewe ndiko anakokupenda kuliko chakula. Mwalimu anayelijua hili humweka msaidizi amejificha ng'ambo. Mbwa anapopuliziwa filimbi majini, akageuka na kushika upande ulioonyeshwa, msaidizi hurusha boya palepale mbele yake. Mbwa anagundua jambo ambalo hakuna kitufe kinachoweza kumwambia: mkono wa mtu unajua mambo ambayo mimi siyajui. Kuhusu kuzunguka ukingoni, mwalimu mvumilivu huanza kwenye mfereji mwembamba ambapo kuogelea moja kwa moja ndiyo njia fupi kweli, kisha hutafuta bwawa pana kidogo, kisha pana zaidi, akiweka wavu ukingoni panapohitajika. Mbwa akikosea mara mbili mfululizo, mwalimu husogea karibu na maji, au hurudi nchi kavu. Inachukua miezi mingi zaidi. Robert Milner wa Tennessee, aliyefundisha mbwa wa bata kwa miongo kadhaa na kuandika vitabu vilivyosomwa sana na wawindaji wa Marekani, aliacha njia ya zamani na kuandika kitabu kizima cha kufundisha mbwa wa bunduki kwa zawadi. Mtu wa aina hiyo hawezi kuambiwa kwamba haijui kazi.

Nchi kadhaa zimekwisha kuamua. Mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani ilifunga mlango wa kola za umeme mwaka 2006, na Ujerumani bado ina mbwa wa majini wa hali ya juu. Wales ilizipiga marufuku mwaka 2010. England iliandaa kanuni zilizokusudiwa kuanza Februari 2024, zikakwama bungeni. Wabunge wa huko wangefanya jambo la heshima kuzimaliza, kwa kuwa klabu yao wenyewe ya mbwa imezidai kwa miaka mingi.

Marekani haielekei kuwa na sheria ya taifa zima hivi karibuni, lakini waandaaji wa mashindano hawana haja ya kuisubiri. Siku ya mashindano mbwa tayari hukimbia bila kola. Kinachosukuma kola mazoezini ni umbali na pembe za kutisha ambazo waamuzi huziweka ili kuwachuja mbwa wengi waliolingana, pembe ambazo mwindaji wa kawaida hakutani nazo hata mara moja kwa msimu. Waamuzi wakipunguza umbali na kuwapa alama zaidi mbwa wanaogeuka majini bila woga, mkia juu, macho kwa mtu wao, wakufunzi watabadilika bila kulazimishwa na polisi.

Kola hizi zinauzwa mtandaoni, na zinaagizwa hadi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala na watu waliojifunza kutoka kwenye video za Kimarekani. Anayempeleka labrador wake kwa mkufunzi ana haki ya kuomba somo la filimbi lifanyike mbele yake, kwanza nchi kavu, kisha kwenye maji ya kina cha magoti, na kuuliza mbwa atafanywaje siku atakapogeukia upande usio sahihi. Jibu likiwa rimoti, amchukue mbwa wake na kutafuta mkufunzi mwingine.